Kanuni ya saini: pembetatu moja au mbili?

Swali: Pembetatu ABC ina pembe A ya nyuzi 30, upande a wa sm 7 na upande b wa sm 10. Kwa kanuni ya saini (a/sin A = b/sin B) nimepata B kuwa nyuzi 45.6, ilhali kitabu kinataja pembetatu mbili. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, umeishia njiani tu. Nyuzi 134.4 zina saini ileile, ingawa hapa kikokotoo huonyesha pembe kali (ya chini ya nyuzi 90) pekee. Na kwa kuwa 134.4 ukijumlisha 30 haifiki 180, zote mbili zinakubalika.

Jibu: Mimi hupendelea kanuni ya kosaini (a² = b² + c² − 2bc cos A), ambayo hapa huzaa mlinganyo c² − 17.32c + 51 = 0, wenye majibu mawili chanya ya upande c, takribani sm 13.56 na sm 3.76, yaani pembetatu mbili.

Muulizaji: Na a ingekuwa sm 5?

Jibu: B ingekuwa pembe mraba (nyuzi 90), pembetatu moja tu.