Naomba ushauri: jaribio la MRI (mashine ya kupiga picha za ubongo) kwa wavuvi wa dagaa, mapumziko yawe sekunde ngapi?

Wadau, habari za kazi. Tunapanga jaribio kwa wavuvi wa Kirumba na Igombe, hapa Mwanza, kuona jinsi mtandao wa mapumziko wa ubongo (sehemu zinazofanya kazi zaidi mtu asipokuwa na kazi na mawazo yakizurura), ule walioueleza mtafiti Raichle na wenzake mwaka 2001, unavyotulia mtu akipewa kazi nzito ya akili.

Tarakimu zinapita moja moja kwenye kioo. Mshiriki anabonyeza akiona inayofanana na ya nafasi mbili nyuma. Kazi sekunde 30, kisha sekunde 20 za kutazama alama ya msalaba, macho wazi. Nafasi tatu nyuma nimeiacha makusudi: anayezidiwa hukata tamaa, mawazo yanarudi kwenye nyavu, na mtandao unaamka katikati ya kazi.

Je, sekunde 20 zinatosha? Mwitikio wa damu ubongoni, ambao ndio MRI inaupima, hufika kilele baada ya sekunde 5 hivi, na kushuka kwake ni kwa taratibu. Ila nikirefusha kila kipande hadi dakika moja, mzunguko unakuwa sekunde 120, karibu mno na kichujio cha sekunde 128 (hesabu inayoondoa mabadiliko ya polepole ya mashine), kinachoweza kufuta sehemu ya dalili tunayoitafuta pamoja na kelele.

Kinachonisumbua zaidi ni usingizi. Hawa huvua usiku kwa taa, na kwa aliyekesha mtandao huu hautulii ipasavyo. Nafikiria kupima siku za mbalamwezi, wanapopumzika. Wapumzike usiku mmoja au zaidi kabla ya kipimo?

Kuondoa wastani wa ubongo mzima kwenye data, ili kupunguza kelele, msinishauri, tafadhali. Hesabu hiyo yenyewe huweza kuzaa uhusiano hasi kati ya sehemu za ubongo, yaani moja ionekane kushuka nyingine ikipanda, hata kama haupo.