Mgonjwa akifa kwa kosa la tiba, aitwe polisi au baraza la taaluma ya mhudumu?

Hoja: Kanuni ya Adhabu ya Uganda inahesabu uzembe uliopindukia unaosababisha kifo kuwa kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Je, kumshtaki mhudumu kunarudisha imani ya wananchi, au kunawafundisha wahudumu kuficha?

Mkunga, Arua: Tuchukue magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Dozi ya kwanza mshipani ni gramu 4: mililita 8 za dawa ya asilimia 50, ukiongeza mililita 12 za maji ya sindano, unasukuma polepole, si chini ya dakika 5. Halafu gramu 10 msulini, 5 kila tako. Anayesahau kuongeza maji na kusukuma haraka anaweza kusimamisha pumzi ya mama. Kwa hiyo kabla ya kila dozi inayofuata unahesabu pumzi (zisipungue 16 kwa dakika), unagonga goti kuona kama mguu unaruka, unapima mkojo. Kalsiamu glukoneti gramu 1 lazima iwe karibu, maana ndiyo inayopinga sumu ya magnesiamu ikizidi mwilini. Sasa, usiku mkunga ni mmoja, wodi imejaa, kalsiamu imeisha stoo. Mkimfunga huyo mkunga, kalsiamu itarudi? Anayefuata ataandika tu kwenye faili kwamba alihesabu pumzi.

Mtetezi wa wagonjwa, Jinja: Dada, hapo mwisho ndipo penye shida. Faili la uongo halitokani na uhaba wa dawa. Na familia inapata nini? Kifo cha mama kwa uzazi kinatakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24 na kujadiliwa ndani ya siku 7, lakini kikao kile ni cha siri, hakimtaji mtu, na ndugu wa marehemu hawapewi nakala. Wanaambiwa tu "presha ilipanda". Ndiyo maana wanakimbilia polisi na redio. Siri ile inawasaidia wahudumu kusema kweli, nakubali, lakini haijengi imani ya mtu yeyote aliye nje ya chumba.

Wakili, Kampala: Tutenganishe njia. Jinai inataka kuthibitisha bila kuacha shaka ya msingi kwamba uzembe ndio ulioua, na kesi nyingi hufia hapo: maiti imezikwa bila kupasuliwa, faili halionekani, chupa ya dawa imetupwa. Anayetaka kulalamika aombe nakala ya faili kwa maandishi siku hiyohiyo, na aombe uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Hilo la pili ni gumu kwa familia zetu, najua.

Mabaraza nayo yanachanganya watu. Daktari ana baraza lake, mkunga na muuguzi lao, na ofisa wa usingizi, anayempa mgonjwa dawa ya usingizi, yuko chini ya baraza la wataalamu shirikishi wa afya. Kifo kimoja cha upasuaji kinaweza kuhitaji malalamiko matatu!

Njia ya madai, yaani kudai fidia mahakamani, imeonyesha kitu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliiamuru serikali ya wilaya ya Nakaseke kulipa shilingi milioni 35 kwa kifo cha mama aliyepata uchungu pingamizi, yaani mtoto alikwama njiani, na daktari wa zamu hakuwepo. Aliyelipa ni mwajiri. Kwangu hiyo ndiyo njia ya kwanza. Jinai ibaki kwa aliyelewa kazini, aliyetelekeza mgonjwa akijua hali yake, au aliyebadilisha faili.

Mtetezi wa wagonjwa, Jinja: Mwajiri akilipa, zinatoka kodi zetu, na daktari asiyekuwepo yuko zamu kesho. Nyuzilandi tangu 1997 wanaadhibu uzembe wa jinai pale tu mhudumu alipoachana mno na kiwango cha kazi yake. Tuandike kipimo kama hicho, halafu kila mtu ajue mstari uko wapi.

Mkunga, Arua: Kipimo hicho naweza kukikubali, ikiwa atakayepima ataangalia pia daftari la stoo na orodha ya zamu ya usiku ule. Bila hayo mawili, sitakikubali.