Naomba ushauri: Siku ya Wafu hapa Oaxaca, picha ya bibi yangu niipeleke?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Oaxaca, kusini mwa Meksiko, kimasomo, na nimepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima. Kanialika Siku ya Wafu, tarehe 1 na 2 Novemba. Sebuleni keshapanga meza ya marehemu wake: picha ya mumewe, mishumaa, chumvi, glasi ya maji kwa roho zinazofika na kiu, maua ya rangi ya chungwa wanayoita cempasúchil, na mikate yenye visura vidogo vilivyopakwa rangi. Moshi wa copal umetanda nyumba nzima kama ubani wa kwetu Tanga.

Sasa ameniomba nilete picha ya marehemu bibi yangu ikae pamoja na za kwao. Imenigusa sana, ni heshima kubwa. Ila mimi ni Muislamu, na moyo wangu unasita. Nimemuuliza mwanafunzi mwenzangu mwenyeji, kaniambia nipeleke maua na chokoleti. La picha hakulijibu.

Mlioishi huku, nikila nao na kuwasindikiza makaburini bila kuweka picha, mama atajisikia vibaya? Na nimweleze vipi mapema asione nimemdharau? Natanguliza shukrani.