Ushauri: Kituo cha wanyama kinataka kupeleka chanjo mtaani, tupangeje?

Mlinzi_wa_Vizimba:
Wakuu, habari za leo. Kituo chetu kidogo cha mbwa na paka, nje kidogo ya Dar, kimejaa. Tumeona tumfuate mfugaji kwake badala ya kuongeza vizimba: chanjo ya kichaa cha mbwa bure, na kuhasi kwa bei ndogo. Mtaa una mbwa kama 200. Tuagize dozi ngapi, siku yenyewe iendeje, na anayekuja kutuachia mnyama tumjibu nini? Natanguliza shukrani.

Dkt_Mabondeni:
Lengeni asilimia 70 ya mbwa wote, yaani 140. Kichupa cha mililita 10 kinachanja mbwa 10, mililita 1 kila mmoja, awe mdogo au jibwa la kilo 40. Hivyo vichupa 14, ongezeni 2 kwa sababu mbwa hufurukuta na dawa humwagika. Watoto wa mbwa msiwafukuze: wachanjeni, kadi iandikwe warudie wakitimiza miezi 3.

Chanjo ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Watu huogopa jua wakasahau barafu: chupa ikigusana na barafu chanjo huganda, na ikishaganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Tengeni kwa gazeti au kitambaa, kipimajoto kikae ndani ya kasha. Kila mnyama na sindano yake, zilizotumika ziingie kwenye boksi gumu, si mfuko wa rambo.

Bi_Kadi:
Nitagusia foleni, maana ndipo mambo huharibika. Tafuteni kivuli, mlango wa kuingia na wa kutokea viwe mbalimbali, mbwa na mbwa wapishane hatua tano. Paka waje ndani ya kikapu au kiroba chenye hewa, meza yao iwe mbali. Anzeni saa moja asubuhi, saa tano mfunge. Mwenyekiti wa mtaa atangaze siku tatu kabla, na asisitize mbwa aletwe na mtu mzima. Watoto ndio huja na mbwa watatu kwenye kamba moja ya katani, vita ikianza hakuna wa kushika.

Meza ya kadi itangulie sindano, si baadaye. Mbwa akishachanjwa, mwenyewe haongojei karatasi. Mbwa aliyechanjwa apakwe rangi kichwani ili kesho yake mhesabu mitaani mlifika wangapi. Mtu aking'atwa: kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi.

Mlinzi_wa_Vizimba:
Asante sana. Kuhasi tufanye siku hiyohiyo chini ya mwembe?

Dkt_Mabondeni:
Hapana. Siku ya chanjo andikisheni majina tu, upasuaji ufanyike kituoni kwa miadi. Mbwa mkubwa asile kwa muda wa saa nane kabla ya upasuaji. Mdogo muda mfupi zaidi, sukari yake hushuka upesi. Jike aliye kwenye joto aahirishwe, mishipa imejaa damu na huvuja sana. Mwenye mbwa aambiwe kwa mdomo, karatasi hazisomwi: asimwogeshe siku 10, alale pakavu, nyuzi zitolewe siku ya 10 hadi 14. Hakuna kola ya kuzuia kulamba? Ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa kitako, kingo zikalainishwa, inatosha. Dume naye aweza bado kumtia jike mimba kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa. Msiposema hilo mtaambiwa upasuaji ulifeli.

Kanga_Moja:
Kwa anayetaka kuacha mnyama, ulizeni sababu kabla ya kufungua kizimba. Mwenye nyumba amelalamikia kelele? Nendeni mkaongee naye, mara nyingi ni kamba fupi na njaa. Jike anazaa kila mara? Mpeni miadi ya kufungwa kizazi. Amekosa chakula? Mpeni cha wiki mbili. Mwenye mnyama anaumwa au anasafiri? Mpokeeni mnyama kwa muda, ila mkataba uandike tarehe ya kumchukua, simu mbili, na kitakachofuata tarehe ikipita. Bila mkataba, "kwa muda" inakuwa moja kwa moja.

Na kwenye chakula cha msaada kataeni unga wa mahindi wenye ukungu, hata ukiletwa magunia kumi. Sumu yake huua ini la mbwa na haiondoki kwa kupikwa. Mkikataa mchango kama huo, walioleta watanuna kidogo, basi.