Mrejesho: tofu sasa haigandi kwenye kikaango

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliwauliza kwa nini tofu yangu (ule mgando wa maziwa ya soya) inang'ang'ania kikaango na kumeguka kila nikiigeuza. Nimerudi na majibu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu dukani: nilikuwa nanunua ile laini sana, inayotikisika kama jeli. Hiyo ni ya supu au ya kusaga, kuikaanga ni kazi ngumu. Nimehamia ile ngumu.

La pili ni maji. Aliyenishauri niikandamize, asante sana. Niliifunga kwa kitambaa safi, nikaweka ubao wa kukatia juu na sufuria nzito, nusu saa. Kitambaa kililowa chapachapa! Kumbe nilikuwa naichemsha, siyo kuikaanga. Baada ya hapo nilikata vipande, nikavipakaza wanga wa mahindi kidogo, mafuta yakapata moto kwelikweli, kisha (hapa ndipo pagumu kwa mtu mwenye papara) sikugusa kitu. Rangi ya dhahabu ikishatokea chini, kipande kinajiachia chenyewe.

Nikajaribu na kuigandisha kwenye friza pia. Ilitoka ya manjano nikadhani imeharibika, ila ilipoyeyuka ikarudi rangi yake. Barafu huacha vitundu ndani, ukiikamua inakuwa kama sponji na inafyonza mchuzi vizuri. Kwa mchuzi naipenda hiyo kuliko ya kukaanga.

Kitunguu saumu kiliungua, nilikitia mapema. Sosi ya soya nayo naweka mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa.