Naomba ushauri: Biblia gani ya Kiingereza kwa kikundi cha vijana?

Wapendwa, salamu kutoka Umoja, Nairobi. Kikundi chetu cha vijana husoma Biblia kwa Kiingereza, na shida ni kwamba kila mtu huja na yake. Wazee wanaotutembelea hawataki kusikia lolote ila King James ya 1611. Vijana wana NIV (New International Version, tafsiri ya kisasa) kwenye simu.

Juzi tulikuwa Matendo sura ya 8, habari za yule towashi Mkushi. Mmoja akasoma mstari wa 37, mwenzake akashangaa: kwake inaruka kutoka 36 hadi 38! Kelele zikaanza, eti Biblia za kisasa zimekatwa. Najua NIV imeuweka mstari huo chini ya ukurasa kwa kuwa nakala za kale zaidi za Kigiriki hazina, lakini mweleze hivyo mzee aliyeshika King James tangu ubatizo wake uone.

Sasa tunataka kununua za aina moja. Mimi naegemea ESV (English Standard Version), ila wa sekondari wanaona sentensi zake nzito. NLT (New Living Translation) wanaielewa upesi. Kwa nyaraka za Paulo naona inafafanua mno. Kuna anayependekeza New King James ya 1982, yenye mstari huo na Kiingereza kisicho cha kale. Tena tuna Wakatoliki wanaotaka yenye vitabu vya Tobiti na Wamakabayo.

Mliowahi kuongoza kikundi kama hiki, mlichagua ipi? Na wauza vitabu vya mitumba huko tao wanaweza kupata nakala nyingi za toleo moja kweli?