Tangazo la ofisi likitupiwa kwenye grup la WhatsApp tu, linahesabika kama waraka? Nimepewa barua ya kujieleza

Temboni_Juu

Wakuu kwema? Mimi ni mtumishi wa ofisi moja ya elimu hapa Dar, siyo mwalimu wa darasani, nipo upande wa takwimu. Ofisi sitaitaja na mkiijua naomba mninyamazie, humu tupo wengi.

Iko hivi, kwetu sa hivi kila kitu kinatangazwa kwenye grup la watumishi. Kikao, grup. Muda wa kuripoti umebadilika, grup. Bosi anataka idadi ya madawati kabla ya saa nne, grup. Na ni grup hilohilo lenye michango ya misiba, sendofu za mabinti za watu, mama mmoja anauza dagaa wa Mwanza na madera, ijumaa zinamiminika Ijumaa Karim na jumapili mistari ya Biblia, yani ukilala na bando limekata ukiamka unakuta meseji hazisomeki kwa wingi. Sasa katikati ya huo utitiri, ijumaa moja usiku mtu wa utumishi akatupia kwamba kuanzia jumatatu likizo zote zinaombwa kwenye ESS, yani ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi kujihudumia, fomu za karatasi hazitambuliki tena, na aliyekwisha kujaza karatasi ajaze upya kwenye mfumo. Akamalizia "taarifa hii iwafikie wote". Basi. Haina kumbukumbu namba, haina saini, na kwenye ubao wa matangazo pale mapokezi haijabandikwa, ubao wenyewe mpaka leo una bango la kunawa mikono la enzi za korona.

Mimi fomu yangu nlishajaza mapema, mkuu wa kitengo kaidhinisha, utumishi wakagonga muhuri, nakala ninayo. Usiku huo tangazo linatupiwa niko kwenye basi na familia naenda Kigoma kumuona mama. Nimerudi nakuta bahasha mezani, natakiwa nieleze kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kuondoka kituo cha kazi bila ruhusa. Bila ruhusa! Na muhuri wao wenyewe upo kwenye fomu.

Naomba wenye uelewa: ujumbe wa WhatsApp unaweza kufuta ruhusa ya maandishi? Na hii barua naijibuje, maana nikiwa na hasira naweza kuandika vitu vya ajabu.

---

chapati_mbili

Hapo kwenye dagaa wa Mwanza na bango la korona umeshaitaja ofisi mkuu 😂 pole sana lakini

---

Mzee wa Masjala

Kijana pole. Nimekaa masjala muda mrefu kabla sijastaafu, ngoja nikueleze jinsi karatasi ya serikali inavyotembea, alafu utajipima mwenyewe.

Waraka unajulikana kwa sura yake. Una kichwa cha ofisi, una Kumb. Na., una tarehe, una saini ya mwenye mamlaka, na kama hayupo utaona "Kny" na jina la aliyesaini kwa niaba yake. Ukiingia masjala unagongwa muhuri wa kupokelewa, unapewa folio, yani namba yake ndani ya jalada, unalala kwenye jalada lake. Mtu akija kuuliza baada ya miaka kumi tunafungua jalada tunamuonesha huu hapa, uliingia tarehe fulani, ulipelekwa kwa fulani na fulani akaandika hivi pembeni. Enzi zetu mhudumu alikuwa anazunguka na daftari la kusambazia barua meza kwa meza, kila mtu anasaini kwamba amepokea. Ulikuwa unamuona anakuja na lile daftari gumu kalitia kwapani na peni ya kamba inaning'inia, hata kama umeinamia chai utanyanyuka usaini. Kwaiyo hapakuwa na habari ya sijaona. Ukisema hujaona unafunguliwa daftari, saini yako hii hapa.

Sasa grup lina nini? Tiki mbili za bluu. Na wengine wamezizima.

Simaanishi WhatsApp ni haramu. Kutaarifu watu haraka ni kuzuri, ata sisi tungekuwa nayo tungeitumia. Ila inatakiwa ibebe picha ya waraka ambao tayari una namba na uko kwenye jalada, siyo ujumbe wa mtu kauandika kwa kidole gumba saa tatu usiku ndo unakuwa waraka wenyewe. Ruhusa yako ilitolewa kwa maandishi na mwenye mamlaka, na kuifuta nako kulitakiwa kuje kwa maandishi, tena kwako wewe kwa jina, maana likizo yako ina barua yake kwenye jalada lako binafsi.

Barua ijibu. Usikae kimya hata siku moja zaidi ya muda waliokupa.

---

Utumishi_Mbagala

Shikamoo mzee. Naheshimu maelezo yako ila naomba nipingane kidogo maana mimi niko upande ule wa meza.

Mkuu uliyeleta uzi, kabla hujaandika "WhatsApp siyo waraka" kajiridhishe kwanza kama nyuma ya huo ujumbe hakuna maelekezo halisi. Mara nyingi kinachotupiwa kwenye grup ni mkia tu, mwili uko kwenye barua iliyotoka juu, na juu nikimaanisha Ofisi ya Rais, Utumishi au TAMISEMI. Suala la ESS halijaanza ijumaa hiyo. Mambo ya watumishi yamekuwa yakihamia kwenye mifumo muda sasa, OPRAS, zile fomu za kupima utendaji kazi, tuliijaza kwa karatasi tangu 2004 ikaja kufa tukaingia PEPMIS ya kwenye mtandao, uhamisho unaombwa kwenye ESS, likizo nayo hivyohivyo. Ukijenga hoja yako yote kwenye "sikuona grup" na wao wakachomoa waraka wenye tarehe ya miezi mitatu nyuma, umekwisha.

Hoja yako yenye nguvu siyo WhatsApp kabisa, ni ile fomu. Nani alisaini, tarehe ngapi, muhuri wa tarehe ngapi. Kama tarehe zake ziko nyuma ya tangazo basi uliondoka na ruhusa. Ilikuwa ni kazi ya ofisi kuingiza zile ambazo zilishaidhinishwa, au angalau kukupigia simu, namba yako wanayo.

Na hii usiichukulie poa, kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa ambalo linaweza kukufukuzisha kazi. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ukiacha iandikwe kwamba hukuwa na ruhusa, hesabu iko wazi. Barua ya kujieleza bado siyo hati ya mashtaka, ni nafasi ya kuzima moto kabla haujafika huko, kwaiyo itumie vizuri. Ukurasa mmoja unatosha. Andika kwa heshima, taja tarehe, ambatanisha nakala, usimseme mtu.

---

Binti_Tandika

Mmenikumbusha machungu na haya magrup. Kwetu alitupia pdf ya "uhakiki wa taarifa za watumishi" ina majina yetu wote, check namba (ile ya utumishi kwenye mshahara), namba ya NIDA, simu, mpaka daraja la mshahara. Eti kila mtu aangalie jina lake. Wiki ileile simu zikaanza, "dada habari, wewe ni mtumishi wa umma eeh, tuna mkopo wa haraka hauna dhamana". Kausha damu wote wa Dar wana namba yangu sa hivi, na mmoja alinitajia daraja langu!! Nikiuliza ofisini naambiwa grup ni la ndani. Ndani gani wakati kuna watu walihama mkoa toka juzi na bado wamo humo.

---

Utumishi_Mbagala

@Binti_Tandika hiyo ni kesi kubwa kuliko ya mwenye uzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na haijasema serikali imesamehewa. Kuna Tume yake, unaweza kupeleka malalamiko huko. Uhakiki unafanyika mtu na taarifa zake, huwezi kumwaga NIDA za watu mia kwenye grup ili kila mmoja atafute jina lake. Barua pepe za go.tz tunazo, zimelala tu, wengi hata nywila hawazikumbuki.

---

chaki_na_vumbi

Nyie wa maofisini mnalialia, njooni shuleni. Sisi tangazo linatoka mkoani kwenye grup la maafisa elimu, linaingia kwenye grup la wilaya, linadondoka kwa afisa elimu kata, kata anarusha kwa wakuu wa shule, mkuu wa shule anarusha kwetu, na kila mmoja akipitisha anaongeza la kwake. Mwanzo lilikuwa "wasilisheni taarifa kabla ya ijumaa". Likifika kwetu ni alhamisi saa nane na limeshakuwa "LEO KABLA YA SAA KUMI, ASIYELETA AJIANDAE KUJIELEZA". Tena kwa herufi kubwa kama anatufokea hivi.

Alafu niko darasani na watoto mia na kitu, simu nikishika naambiwa mwalimu anachezea simu kipindini, nisiposhika naambiwa sijaona maelekezo. Nachagua lipi hapo

---

chapati_mbili

Chagua kuomba ruhusa kwenye ESS 😂😂

---

Temboni_Juu

Asanteni sana wote. @Utumishi_Mbagala umenipoza, nlishaandika kurasa tatu nimemtaja mpaka mama wa dagaa, nimechana.

Kuna kitu sikukisema. Nlivyorudi niliingia ESS ili nijaze upya kama walivyotaka, nione kama wataitambua kwa kurudi nyuma. Msimamizi wangu anaonekana bado ni yule bosi aliyehamishwa mwaka jana. Kwaiyo hata ningejaza ile ijumaa usiku nikiwa kwenye basi, ombi lingeenda kwa mtu ambaye yuko mkoa mwingine kabisa na hana habari na mimi. Hili nalo niliandike au nitaonekana natafuta sababu?

---

Utumishi_Mbagala

Liandike, tena chukua skrinshoti yenye tarehe uiambatanishe. Ila liwe aya ya mwisho na liwe ombi, "naomba taarifa za msimamizi wangu zirekebishwe ili niweze kutumia mfumo ipasavyo". Hapo unawaonesha kwamba mfumo hukuukataa, na kwamba wao ndo hawakukuandalia njia, bila kuwaambia hivyo.

Na nauli ya likizo umeombea? Ni kila baada ya miaka miwili, wewe na mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. Kama zamu yako ilikuwa mwaka huu na fomu ile ile ndo ya kudaia, una sababu nyingine ya kuhakikisha hawaitupi.

---

Temboni_Juu

Zamu yangu ni mwaka huu. Nauli yenyewe sijaiona ila hiyo nimeizoea.

---

Mzee wa Masjala

Niongeze moja. Barua yako ichape nakala mbili. Moja wape, nyingine wagongee muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yako, na uondoke nayo. Usikubali "iache tu hapo mezani, bosi akija atasaini". Hiyo meza naijua, barua inaweza kukaa chini ya keki ya bethdei mpaka muda wako umepita. Na kwenye barua omba kwa upole upewe nakala ya waraka uliobadilisha utaratibu pamoja na kumbukumbu namba yake kwa ajili ya rejea zako. Kama upo utapewa, na kama haupo wao wenyewe watajua la kufanya.

---

mgeni_wa_jiji

Chama cha wafanyakazi je? Si wanakata kila mwezi, TALGWU, TUGHE, CWT sijui uko wapi. Mtafute mwakilishi wa tawi aisome barua kabla hujaipeleka, hiyo ndo kazi yao siyo fulana za Mei Mosi tu

---

Temboni_Juu

Mrejesho wakuu. Mwakilishi wa tawi kaisoma, kafuta sentensi mbili ambazo mimi niliziona ni za heshima kumbe zina kebehi. Nimepeleka nakala mbili, dada wa masjala alitaka niache akaniangalia vile, nikasimama tu nikamwambia nasubiri muhuri dada yangu, akagonga.

Kuhusu waraka, ulikuwepo kweli. Una kumbukumbu namba na saini, umetoka kabla ya tangazo la grup, ila baada ya fomu yangu kuidhinishwa, na ndani yake umeandikwa kabisa kwamba likizo zilizokwisha kuidhinishwa zitaendelea kama zilivyo. Hilo sharti yule ndugu wa grup hakuliandika, aliweka la kwake la kujaza upya. Ulikuwa kwenye jalada, haukusambazwa kwa mtu yeyote.

Majibu rasmi sijapewa. Afisa kaniambia kwa mdomo "hayo yameisha, endelea na kazi".

---

Mzee wa Masjala

Kwa mdomo hayajaisha. Waombe barua ya kufunga hoja iingie kwenye jalada lako, ile ya kukutaka ujieleze ishaingia tayari.

---

Utumishi_Mbagala

Mzee yuko sahihi, hapo sipingi. Na wakikuletea hiyo barua kwenye grup ikatae 😄